Pete ya Nukta Tatu

Karakana,
Alhamisi, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, kikohozi kimepungua. Binti yako Chiriku hajambo, ameshazoea huku. Meza yake ya kushonea viti iko dirishani na mdomo wake haufungi kutwa nzima, si jina ulimpa mwenyewe?

Nina habari. Gari letu limesimama kwa magurudumu yake. Viti viwili, paa la turubai, kilo mia saba na ishirini tangi likiwa limejaa na uzito wa injini ukijumlishwa. Nimelipima mara tatu, unanijua. Na bei ni ile ile tuliyoapa: mwalimu aliweze, muuguzi aliweze, wasilifaidi wenye majumba peke yao.

Ila jana alikuja Tajiri, yule anayetaka kutujengea kiwanda. Akalizunguka, akaligonga bodi kwa kidole, akauliza swali moja tu: farasi wangapi? Nikamwambia injini tuliyopanga itakuwa na nguvu za farasi mia na kumi. Akacheka mbele ya vijana wangu. Eti gari la michezo lenye farasi mia na kumi ni pikipiki iliyovaa koti. Anataka mia na sitini. Anataka litoke kusimama mpaka kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde saba. Majaribio ni Jumamosi tarehe 3 Aprili. Likishindwa, kiwanda anawapa wengine, na sisi saba hapa tunafunga mlango.

Hakuna anayejenga injini kama wewe. Nijengee ya mia na sitini.

Mpwa wako,
Rula

*

Nyumbani,
Jumatatu, 8 Februari

Rula,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya sanduku la gasketi, ina mafuta lakini inasomeka. Endelea kuandika hivyo hivyo. Ile simu uliyoniletea nimempa jirani yangu fundi cherehani. Kiziwi na simu ni kipara na kitana. Miaka thelathini na moja nimekaa na injini masikioni, sasa zinavuma zenyewe humo ndani hata nikiwa nimelala.

Haya, nisikilize mimi nisiyesikia. Mia na sitini ya nini? Chukua kilo zako mia saba na ishirini, wagawie farasi mia na kumi. Kila mmoja anabeba kilo sita na nusu, uzito wa mtoto anyonyaye. Farasi gani huyo atashindwa kukimbia na kichanga mgongoni? Utamu wa gari jepesi uko kwenye kona, na farasi hamsini wa ziada hawakusaidii kitu kwenye kona. Wanakufikisha hapo kabla akili yako haijafika.

Halafu zile breki ulizichora wewe mwenyewe. Diski za milimita kumi na mbili, kwa farasi mia na kumi. Ukiongeza nguvu, ongeza breki. Ukiongeza breki, fremu inenepe. Fremu ikinenepa utarudi kwangu kuomba farasi wengine, na mwalimu wako atabaki anapanda basi.

Mwambie Tajiri akanunue farasi wenye mikia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mwaka huu asiyesikia ni mkuu mwenyewe.

Mjomba wako

*

Karakana,
Ijumaa, 12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hesabu hiyo naijua, tena kikokotoo unachotumia nilikufundisha mimi. Lakini watu hawanunui hesabu. Wanafungua karatasi ya matangazo, wanatafuta namba moja, wakiikuta ndogo wanafunua ukurasa. Tajiri hivyo hivyo.

Nimekaa miaka minne kwenye gari hili. Nimechomelea kila bomba la fremu kwa mkono huu. Usinifanye nimpigie magoti mtu ninayemwita mjomba. Kama hutaki, sema hutaki, nikatafute injini ya mtumba yenye farasi mia na sitini ambao hata historia yao siijui. Kama unataka, jenga.

Na breki niachie mimi.

Rula

*

Nyumbani,
Jumatatu, 1 Machi

Rula,

Injini imepanda basi leo. Nimeipima mara nne kwenye mashine yangu, karatasi iko sandukuni na sahihi yangu: farasi mia na hamsini na nane. Mdomo wa kuvutia hewa nimeufunga mwenyewe na kuuziba kwa rangi nyekundu. Usiufungue, utaingiza vumbi.

Ulitaka, umepata.

Mjomba

*

Karakana,
Jumamosi, 6 Machi

Baba yangu,

Shikamoo! Injini imefika, tumeipokea kama bibi harusi, kila mtu anataka kuibeba. Mimi nilikimbilia kifuniko. Nikaziona nukta zako tatu, zile unazopiga kwa nyundo na msumari, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama nina akili timamu. Nikakumbuka kopo la sukari. Nikakumbuka redio, na nati ya breki ya baiskeli yangu. Watoto wa wenzako walitishiwa fimbo, mimi nilitishiwa nukta tatu: hapa usiguse, njoo uniulize. Na kweli sikugusa, isipokuwa sukari. Huku hakuna anayeelewa, hata dada Rula. Wanadhani ni nembo yako ya kazi.

Mimi na viti vyangu tu. Sindano imenichoma kidole gumba, lakini si kitu. Usiwe na wasiwasi na mambo ya kasi, hayo ni ya wenyewe.

Kula vizuri, baba. Usinywe chai tupu ukasema umekula.

Mwanao,
Chiriku

*

Karakana,
Ijumaa, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Gari linakwenda vizuri, halitetemeki, linanguruma kiungwana. Lakini ni zito la mwendo. Sekunde saba nukta tisa. Nimepima na saa mbili tofauti.

Sina mashine ya kupimia nguvu hapa, ila nina karatasi yako, na tangu nizaliwe karatasi yako haijawahi kukosea. Imeandikwa mia na hamsini na nane, basi ni mia na hamsini na nane. Kosa ni langu, mahali fulani gari langu ni zito au linakokota upepo. Kwa hiyo nimeanza kulipunguza. Nimetoa zulia, tairi la akiba, kisanduku cha mbele, na vioo vya madirisha nimeweka vya plastiki. Tumefika saba nukta sita.

Zimebaki wiki mbili. Silali vizuri.

Rula

*

Nyumbani,
Jumatatu, 22 Machi

Rula,

Saba nukta sita ni kasi nzuri sana. Simama hapo. Usipunguze kitu kingine, nimekuomba. Mpe Tajiri usukani aende naye kwenye kona, atasahau hizo sekunde zake.

Na huyo dereva wa majaribio ni nani? Hukuniambia.

Mjomba

*

Karakana,
Jumamosi, 27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumefika saba nukta mbili! Usinigombeze kabla hujamaliza kusoma.

Nimezichukua diski za breki za mbele, nimezipitisha kwenye mashine ya kukereza, kutoka milimita kumi na mbili mpaka nane. Kisha nimezitoboa matundu kwa keekee. Kitu kinachozunguka kikiwa chepesi gari linachomoka, wewe ndiye uliyenifundisha. Najua nane ni kidogo. Usiku nikifumba macho naziona. Lakini ni siku moja tu, baada ya hapo nitarudisha nene. Zimebaki nukta mbili za sekunde, nitazipata.

Dereva ni mzoefu, mguu wake unaijua breki. Usihangaike naye.

Rula

*

Nyumbani,
Jumanne, 30 Machi

Rula, mwanangu,

Rudisha diski nene leo. Acha kila kitu, rudisha kwanza, halafu kaa chini usome.

Nimekudanganya. Ile karatasi ni ya kweli na si ya kweli. Injini niliipima ikatoa mia na hamsini na nane, nikaandika. Kisha nikakata pete ya chuma, nikaiweka kwenye mdomo wa hewa chini ya gasketi, nikaibana injini pumzi. Nikapima tena: mia na kumi na mbili. Hiyo sikuiandika. Nikapaka rangi nyekundu, nikakuambia habari za vumbi.

Nilijiona mjanja. Nilisema, huyu mtoto kichwa ngumu kama mama yake, kubishana naye ni kupoteza wino, basi apate karatasi yake na mimi nipate amani yangu. Breki zako zilikuwa zinatosha mia na kumi na mbili. Nilijua hivyo, nikalala usingizi. Sikujua kwamba ungeiamini karatasi yangu kuliko saa yako mwenyewe. Sikujua kwamba kila nilichoficha ungekilipia kwa kunyofoa gari nyama.

Gari lako si zito, Rula. Halijawahi kuwa zito. Ulilichora sawasawa tangu siku ya kwanza.

Nilitaka kumtuma fundi cherehani akupigie simu sasa hivi. Nikaona aibu. Nianzie wapi kumwambia jirani nilichomfanyia mtoto wa dada yangu? Basi linakuja huko Jumatatu na Jumatano tu. Barua hii itapanda kesho, Alhamisi jioni utakuwa nayo, na majaribio ni Jumamosi. Itawahi.

Pete ina nukta tatu. Usiitoe kabla ya kurudisha diski nene. Unisamehe.

Mjomba wako

*

Karakana,
Alhamisi, 1 Aprili, asubuhi

Mjomba,

Leo sina shikamoo.

Jana nilisikia mluzi kwenye mdomo wa hewa. Nikakwangua rangi yako nyekundu, nikafungua. Nimekuta nini? Pete! Nyembamba kama sarafu, imelala chini ya gasketi kama mwizi, na nukta zako tatu juu yake. Nilikaa sakafuni. Fundi rangi alidhani nimeumia.

Mwezi mzima, mjomba! Nimeng'oa gari langu vipande vipande nikijilaumu. Nimelia chooni ili vijana wasinione. Nimejiambia sijui kuchora, sijui kuchomelea, sijui kitu. Na wewe ulikuwa unajua. Uliniandikia "simama hapo" ukiwa unajua. Ungeniambia hapana usoni ningekasirika wiki moja yakaisha. Hili sijui litaisha lini.

Nimeitoa. Nimeitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Jana jioni tulijaribu barabara ya nyuma: sekunde sita kamili. Jumamosi tunakimbia na farasi wote.

Na kwa kuwa ni siku ya kusema kweli, acha na mimi niseme. Dereva ni Chiriku. Hajashona kiti hata kimoja tangu aje. Ni dereva bora kuliko wote niliowahi kuona na alinisihi nisikuambie. Nimeficha, umeficha, tuko sawa.

Diski ni zile zile nyembamba, hakuna muda wa kukereza nyingine. Nimezikagua kwa tochi, hazina ufa. Tunaondoka sasa hivi kwenda kwenye barabara ya mlimani aliyoikodi Tajiri, tutalala huko huko. Simu zinakusanywa langoni, hataki picha. Tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi.

Rula

*

Stendi,
Jumamosi, 3 Aprili, saa sita mchana

Rula,

Barua yako nimeipokea stendi dakika kumi zilizopita. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya vifurushi. Naandika kwa sababu sina kingine cha kufanya na mikono hii.

Ulisema saa tatu. Sasa ni saa sita. Limeshakuwa, lolote lililokuwa.

Jana nilimeza aibu, fundi cherehani akapiga simu mara tisa. Alinionyesha kioo kila mara: haipatikani. Barua yangu ya kukiri iko chini ya mlango wenu uliofungwa. Siku tatu nzima nilikuwa na njia ya kukuambia, nikachagua kulinda uso wangu. Basi linalofuata ni Jumatatu. Nimeuliza lori, nimeuliza teksi, wananijibu kwa midomo, siwasomi.

Diski za nane na farasi mia na hamsini na nane, na mwanangu ndani. Mungu wangu.

Sijui hata namwandikia nani.

*

Hospitali,
Jumamosi, 3 Aprili, jioni

Baba,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, ni mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika mahali pawili na umefungwa plasta mpaka begani. Kingine chochote hakijavunjika. Dada Rula amempigia fundi cherehani, najua ameshakuandikia kwenye karatasi kwamba niko hai. Dada anaipeleka barua hii stendi sasa hivi, kwa hiyo nakimbia.

Alhamisi kabla hatujaondoka nilikuwa natafuta spana kwenye debe la chakavu. Nikaiona pete. Dada alikuwa ameshanisimulia kwa hasira yote, eti baba yako katuhujumu. Lakini mimi nikaona nukta tatu, na mkono wangu ukawa mzito kama ule wa kwenye kopo la sukari. Nikasema, baba hapigi nukta mahali pasipo na sababu. Nikaitia mfukoni. Leo saa kumi na moja asubuhi, wenzangu wakiwa wanakunywa chai, nikafungua mdomo wa hewa, nikairudisha, nikafunga. Sikumwambia mtu.

Mwendo wa kwanza, wa kunyoosha: saba nukta moja. Tajiri akakunja mdomo, akatazama saa yake kama vile ndiyo mbovu. Dada akaja mbio, akainama dirishani.

"Umeirudisha."

"Nimeirudisha."

"Itoe, Chiriku. Itoe sasa hivi, nitamwambia tunabadilisha plagi."

"Sitoi mpaka nimuulize baba."

"Baba yako hasikii!"

"Ataandika."

Aliniangalia, baba, sijawahi kuangaliwa hivyo. Nilidhani atanitoa kwenye kiti kwa nguvu. Tajiri akapiga kelele kule, mlima sasa, mlima! Nikaondoka.

Mteremko wa kwanza gari liliimba. Mteremko wa pili, kona ya tatu ile yenye kalavati, nikakanyaga breki, nikasikia mlio kama sahani inavunjika jikoni. Diski ya mbele kulia ilipasuka vipande vitatu. Gari likavuta kushoto, nikalipeleka kwenye ukingo wa udongo badala ya bondeni, tukasimama tumelala ubavu. Kipimo cha kasi kilikuwa tisini na nne nilipokanyaga.

Dada amepiga hesabu hapa kitandani kwangu, nyuma ya karatasi ya dawa. Bila pete ningefika kwenye kona ile na mia na ishirini na moja. Amerudia mara tatu, namba haibadiliki. Kisha akaweka kalamu chini akalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja.

Basi nikuambie na mimi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukuambia. La mkuu nimelisikia, ndiyo maana nimevunjika mkono na si shingo. Lakini pete ile iliyoniponya ndiyo hiyo hiyo iliyonivunja mkono. Ungesema mapema, diski zingekuwa kumi na mbili mpaka leo. Nimekukasirikia. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili, usiniambie nichague. Na mimi ningesema mapema kwamba dereva ni mimi, usingeificha pete hata siku moja. Hilo ni langu, nalibeba.

Tajiri ameondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Aliokota kipande kimoja cha diski, akakipima kwa vidole, akakitia mfukoni. Kisha akamuuliza dada: "Mteremko ule wa kwanza, alikuwa na farasi wangapi?" Dada akamwambia mia na kumi hivi, si zaidi. Akasema, "Sikujua." Hatujui maana yake nini.

Njoo.

Chiriku

*

Ndani ya basi,
Jumatatu, 5 Aprili

Wanangu,

Barua ya Chiriku nimeipokea stendi asubuhi, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi. Hii nitawapa mkononi. Nikiwaona nitashindwa kusema, na mkinijibu sitasikia, kwa hiyo bora iwe kwenye karatasi.

Rula, ulichora gari zuri na mimi nikakufanya ulichukie. Nimelala macho wazi siku mbili nikitafuta mahali ambapo kosa hili si langu. Sikupaona. Chiriku, mama yako angekuwa hai angenifukuza nyumbani, na ningekwenda. Nisameheni. Kama bado, nitasubiri.

Msiguse chochote kwenye gari mpaka nifike. Hapana, futa hiyo. Rula, gusa unachotaka, gari ni lako.

Diski mpya nne, milimita kumi na mbili, ziko mapajani mwangu. Kondakta alitaka ziende chini na mizigo, nikakataa. Safari hii sikupiga nukta mahali popote. Nimeandika karatasi, kwa herufi kubwa, kila kipande ni nini, kina unene gani, na kwa nini, pamoja na farasi wangapi naona wanatosha. Nimeacha nusu ya ukurasa wazi chini.

Someni mbele yangu, halafu mnibishie hapo. Mniandikie kwa herufi kubwa.

Baba, na mjomba